Kopo Lililoandikwa BADO

Baba alikuwa fundi wa reli, na alipostaafu akaendelea kuunda treni, safari hii za kubebeka mkononi. Mabehewa aliyakata kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, ekseli alizitoa kwenye spoku za baiskeli, magurudumu kwenye bati nene. Vipuri alivipanga ukutani katika makopo ya maziwa ya unga, kila moja na karatasi yake: MAGURUDUMU, SPOKU, MISUMARI MIDOGO. La mwisho liliandikwa BADO.

Bado yake niliijua tangu utotoni. Nikimwomba mkasi wa bati, alinishika vidole, akavitazama, akasema, "Bado, mama." Niliruhusiwa kusugua kingo kwa msasa tu. Nilisugua mpaka nikaenda sekondari, nikaenda chuo, nikaajiriwa. Hapo ndipo alipoanza kunipa mkasi. Kila likizo nilipokwenda nyumbani Hombolo nilikata kipande kimoja mbele yake, naye akapitisha kidole gumba ukingoni. Kikikwaruza, alinirudishia. Vyangu vyote vilikwaruza, nami nilinuna kweli, mtu mzima na mshahara wangu.

Mwezi mmoja baada ya kumzika nilijipa kazi ya kupanga vipuri vyake. Mimi ni mtu wa masijala, kwenye ofisi za serikali huko Mtumba. Karatasi isiyo na jalada hunikosesha raha. Kopo la BADO nililichukulia kuwa la vitu ambavyo hakuwahi kuvipanga. Nikalimwaga mkekani, magurudumu nikayatia kwa magurudumu, spoku kwa spoku. Sikugusa ukingo wa hata kipande kimoja. Kazi iliisha asubuhi hiyohiyo, nikajisifu moyoni.

Mama aliingia na chai, akaliona kopo tupu nimeliosha na kulianika dirishani.

"Vile vya behewa lako umeviweka wapi?"

"Behewa gani, mama?"

"Baba yako alikuwa anakukatia kidogo kidogo. Alisema mikono yako imekaribia. Alitaka uliunge mwenyewe, yeye amekaa tu pale anakuangalia."

Imekaribia. Mimi hakuniambia neno hilo hata siku moja, na ningetoa chochote nilisikie kwa sauti yake, japo mara moja.

Tangu hapo, kila nikienda nyumbani namwaga tena makopo yote, nafumba macho, napitisha kidole gumba. Vipuri vya kawaida alivikata tu na kuviacha na makali yake. Vyangu alikuwa amekwisha kuvipiga msasa, ni laini kama mdomo wa kikombe. Hivyo ndivyo nilivyozipata kuta nne, ekseli mbili na magurudumu matatu. La nne sijalipata. Labda limo humo humo. Labda hakuwahi kulikata, na ndiyo maana karatasi ile ya BADO ilibaki vile.

Likizo iliyopita nilikata gurudumu la kwangu, nikalisugua. Mama akalichukua, akapitisha kidole gumba, polepole, jinsi alivyomwona mumewe akifanya miaka yote ile.

"Halikwaruzi," akasema. "Si ulifunge basi, tulione behewa?"

"Bado, mama," nikamjibu, kwa sababu kidole gumba nilichotaka kipite pale hakikuwa chake.