Kuku Waliopungua Bila Manyoya

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, huku Handeni, nilikuwa na miaka miwili ya ndoa na kuku mmoja aliyekuwa akilalia. Nilimpakia kwenye lori ndani ya tenga, na mayai yake, nimemfunika kanga. Watu walisema mayai yataviza kwa kutikiswa. Wakatoka vifaranga kumi na mmoja.

Kule tulikotoka, jirani ulimjua kwa moshi wake tu. Kijijini nyumba zilipangwa mstari, ukamsikia hata akikohoa. Aliyetukabili mlango kwa mlango alikuwa mama mmoja aliyetoka kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe. Wazazi wake walikuja kukata mkonge kutoka mbali, na Kizigua chake kilikuwa cha kubahatisha. Alikuwa mkimya. Mimi sikumwamini, na sababu sikuwa nayo.

Vifaranga walipokua, mama yao akaanza kuwadonoa na kuwafukuza. Mume wangu akawajengea banda la fito, limeinuliwa juu ya miguu minne ili kicheche asiwafikie, na ngazi ya mti mmoja. Mama mkwe, aliyeishi nasi, ndiye aliyenionyesha namna ya kuwazoeza.

"Wafungie siku nne," alisema. "Wale humo, wanywe humo. Siku ya tano wafungulie jua likiwa limeshashuka, na njaa yao, wasipate nafasi ya kwenda mbali. Kisha waite kwa pumba."

Nikatikisa pumba kwenye kopo. Nane wakapanda. Watatu wakabaki wakizubaa chini ya ngazi. Nilimkamata mmoja nikataka kumtupa ndani, mama mkwe akanishika mkono.

"Usimtupe. Msimamishe mlangoni aingie kwa miguu yake. Ukimtupa, kesho hatajua njia."

Wiki ilipokwisha, wote kumi na mmoja walikuwa ndani kabla ya adhana ya magharibi.

Wiki ya tatu wakawa kumi. Baada ya siku mbili, tisa. Sikuona manyoya wala damu. Kicheche huacha manyoya. Nikajua huyu ni mtu, na macho yangu yakavuka moja kwa moja hadi mlango wa mbele. Yule mama naye aliita kuku wake kwa pumba, saa ileile. Nikawafunga wangu uzi mwekundu mguuni, na kila nilipochambua mboga nilikaa nimeelekea kwake. Siku moja harufu ya mchuzi ikatoka jikoni mwake. Nilizunguka hadi jalala lake kutafuta manyoya, nikakuta maganda ya muhogo.

"Mwache," mama mkwe aliniambia. "Hujamkuta na kuku." Kisha akachukua kikapu chake akaenda kutafuta kuni, kama alivyozoea kila baada ya siku moja.

Walipobaki sita, nilikwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Jioni akaja, banda la jirani likafunguliwa mbele ya watu, kuku wakatolewa mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na uzi.

"Hujaona mtu akichukua kuku wa mwenzio?" balozi alimuuliza.

Yule mama alikawia. Alitazama nyuma yangu, kwenye kibaraza chetu. "Sikuona, mzee."

Kule kukawia ndiko nilikokushika. Mtu asiye na la kuficha hujibu upesi. Tangu siku hiyo sikumsalimu.

Asubuhi moja mama mkwe aliniaga anakwenda kuni. Kikapu kilikuwa kimefunikwa kanga, na kanga ikajitikisa. Nilimwacha atangulie, nikamfuata kwa mbali, mwendo wa kama saa nzima, hadi kwenye kiwanja chetu cha zamani. Nyumba ilikuwa imeshaezuliwa, lakini banda la kuku lilikuwa na nyasi mpya na ngazi ya mti mmoja. Watano walikuwa wakichakura uani, watatu wakiwa na uzi mwekundu. Alimtoa wa sita kikapuni, akamsimamisha mlangoni, akangoja aingie mwenyewe. Alipogeuka akaniona.

"Jioni nani anawafungia?" Ndilo swali lililonitoka.

"Wanaingia wenyewe." Alikaa chini. "Mwanangu, siku tutakayorudi nisikute pamekufa."

Nilirudi nikaenda kwa jirani. Alikuwa akitwanga.

"Ulijua?"

"Nilimwona tangu kuku wa kwanza."

"Mbona ulinyamaza, mpaka banda lako likafunguliwa mbele ya watu?"

Aliweka mchi chini. "Balozi angeuliza anawapeleka wapi. Wanaorudi mahameni, kwenye makazi ya zamani, unajua wanavyoletwa hapa kwa nguvu. Ningemsemaje mama wa watu?"

Nilimwomba radhi. "Yamekwisha," alisema, akaendelea kutwanga. Ilichukua muda mrefu kabla hajaingia tena nyumbani kwangu.

Mume wangu sikumwambia, wala mama mkwe sikumzuia kwenda. Balozi alipopita kuuliza habari za kuku, nilimwambia ni kicheche.

"Kicheche asiyeacha manyoya," alisema. Alikitazama kikapu kilichoning'inia ukutani, akaenda zake. Sijui alijua nini. Kwa wiki kadhaa kila aliyepiga hodi nilidhani ni yeye, na kila aliyemuuliza mama mkwe kuni anazitoa wapi nilimjibu mimi, kwa haraka. Nikaanza kuwaona majirani wote kama watu wanaohesabu safari zake.

Masika yakaingia, nyasi zikaifunika njia. Siku moja mama mkwe alirudi amelowa, akaweka kikapu jikoni. Ndani mlikuwa na kuku watatu, matembe.

"Wengine?" nikauliza.

"Wameliwa." Hakwenda tena kule, wala sikumsikia akitaja kurudi. Alikaa karibu na moto akifuta matope miguuni, akaniomba chai.