Tulidhani Ni Ngurumo za Senene

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, na kila baada ya konzi moja anainua macho kutazama mbingu. Mume wangu Zakaria, aliyekuwa akiziba pancha ya baiskeli yake uani, akamwambia, “Mawe, utaitoboa hiyo mbingu.”

“Acha itoboke,” mama akamjibu. “Labda mvua itashuka.”

Mawe ndilo jina tunalomwita mama kwa Kihaya, na mimi pia nilimwita hivyo. Tulikaa watatu pale Izimbya, nyumba katikati ya kibanja cha migomba na mibuni. Baba yake Zakaria alikuwa amelala humo humo kibanjani, kwenye kaburi lake, maana sisi wafu wetu hatuwapeleki mbali. Nilikuwa sijatimiza mwaka tangu niolewe.

Kiangazi cha mwaka ule kilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Tulichoka kula ndizi kavu kavu, tulichoka vumbi, na wote tulikuwa tunasubiri kitu kimoja: vuli, na pamoja na vuli, senene. Asiyetoka kwetu atasema panzi tu hao. Haya, na aseme. Kwa mke mpya msimu wa kwanza wa senene ni mtihani. Unaamka alfajiri unawaokota kwenye majani wakiwa bado wazito kwa umande, unawanyonyoa mbawa na miguu, unawakaanga, unamwandalia mumeo. Yeye naye anakununulia kitenge. Wewe mwenyewe huonji, kwani zamani mwanamke hakula senene. Siku hizi wajukuu wa shemeji zangu wanatafuna pakiti nzima wakinitazama usoni, wala siwasemi.

Kitenge changu nilikuwa nimeshakichagua, kwa mama mmoja muuza nguo kule mjini, Bilele. Zakaria alikijua. Alijifanya hakijui, akawa ananichokoza kila jioni, “Hivi Elina, wewe unaweza hata kumkamata senene? Maana hata kuku wanakushinda mbio.” Nilimrushia ganda la ndizi. Mawe akacheka mpaka akashika mbavu. Ndivyo tulivyoishi, na sikujua kwamba hayo ni maisha mazuri.

Ikaja habari kwamba wifi yangu Ester amejifungua. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa mpakani, na mumewe alikuwa mbali kazini. Zakaria akafunga mkungu wa ndizi na samaki wakavu kwenye baiskeli, aende akamtazame dada yake.

“Nitarudi kabla ya senene,” akaniambia. “Usije ukawamaliza.”

“Mimi nile senene? Unanitakia balaa!”

Akaondoka akicheka.

Jumapili iliyofuata, tukiwa tunatoka ibadani, tukasikia ngurumo. Ilitoka mbali, upande wa kaskazini, nzito na ya chini. Wanawake tukatazamana. Halafu mmoja akapiga vigelegele, wote tukapokea. Vuli hiyo! Tulikwenda nyumbani mbio, na viatu vya kanisani mikononi. Mawe akapanga ndoo na masufuria chini ya mchirizi wa bati. Mimi nikatoa kapu langu jipya nikaling'uta vumbi. Watoto wa jirani walikuwa wanaimba uani kwetu wakiwaita senene waje.

Jua liliendelea kuwaka. Ngurumo hupumzika, kila mtu anajua. Ile haikupumzika.

Mawe alisimama katikati ya ndoo zake akisikiliza. Kisha akaanza kuziingiza ndani, moja moja.

Kesho yake barabara ilijaa watu. Magodoro vichwani, mbuzi, vizee juu ya baiskeli, mtoto amebeba kuku. Wanajeshi wa Uganda wamevuka mpaka, walisema. Wanachoma, wanachukua ng'ombe, wanaua. Nikasimama pembeni nikitazama kila baiskeli.

Ester alifika jioni, kwa miguu, na kichanga mgongoni.

“Zakaria yuko wapi?” nikamuuliza kabla hata ya pole.

“Alitufikisha mtoni. Akatupandisha mtumbwi.” Midomo yake ilikuwa imepasuka. “Baba mkwe wangu alikuwa amebaki nyumbani, hawezi kutembea. Zakaria akasema anarudi kumbeba.”

“Halafu?”

“Mtumbwi haukurudi tena ule upande, Elina. Mwenye mtumbwi alikataa.”

Mawe akampokea kichanga, akaingia nacho ndani.

Mimi nilisema sitoki. Akija asinikute? Mawe hakubishana nami. Alinifungia nguo zangu kwenye kanga, akaniwekea kichwani, akanishika mkono kama mtoto mtukutu. Tukaondoka kuelekea Muleba, kwa mdogo wake.

Njiani ndege ilipita.

Iliruka chini sana. Mtu akapiga kelele, “Laleni!”

Tukajitupa kwenye mibuni. Mawe alinilalia mimi, nami nikamlalia Ester na mtoto.

Sauti ikaja, ikawa juu yetu, ikaenda.

Hakuna kilichoanguka. Kichanga hakikulia hata kidogo, na hilo ndilo lililotutisha, mpaka Ester alipompa ziwa na kumwona ananyonya.

Muleba walitupokea vizuri, siwezi kulaumu. Tulikula, tulilala, tulipalilia kibanja cha wenyeji wetu ili tusiwe mzigo. Na huko ndiko vuli ilikotukuta. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi majani yote yalikuwa ya kijani kwa senene. Sijaona wingi kama ule tena. Wenyeji walitoka na makapu, wakicheka, wakisukumana, na sisi wakimbizi tukatoka nao. Niliokota. Vidole vilifanya kazi vyenyewe. Nilijaza kapu, kisha nikakaa nalo kwenye majani mabichi, sina wa kumpa. Watu mia wananizunguka wanafurahi, na mimi niko peke yangu. Nililia kwa hasira, nawaambia ukweli, hasira na vuli kwa kuchelewa na hasira na vuli kwa kuja.

Jeshi letu lilipowarudisha adui ng'ambo ya mpaka, tulirudi Izimbya. Shemeji zangu walivuka mto kutafuta. Nyumba ya Ester ilikuwa imeteketea. Mzee walimkuta ndani, wakamzika. Zakaria hawakumkuta, wala baiskeli, wala chochote.

Hapo ndipo tumaini liliponishika vibaya. Kama hayupo, basi amechukuliwa mateka. Vijana wetu waliendelea hadi Kampala, wakarudi wakishangiliwa, na mimi nilikuwa barabarani kila lori lilipopita. Wengine walinionea huruma wakadanganya kwamba wamesikia habari zake. Mmoja alitaka kunioa. Nilimfukuza kwa mwiko.

Miaka ikaenda. Mawe akaanza kukohoa, akapungua. Asubuhi moja aliita ndugu wa ukoo, akasema anataka kumzika mwanawe. Ni desturi ya zamani: mtu akifia mbali asipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa sanda, ukazikwa mahali pake.

Nilimpandishia sauti mama mkwe wangu, kitu ambacho kwetu hakifanyiki. “Mawe, unamzika mtu aliye hai?”

Hakukasirika. “Elina, mimi nakufa. Nataka nilale nikijua mwanangu amelala upande gani. Na wewe nataka uwe na mahali pa kulilia. Barabarani si mahali pa kulilia, mwanangu.”

Kesho yake asubuhi nilitoka nikafagia mahali palipoonyeshwa, kando ya kaburi la baba yake.

Mchungaji alikuwa amesema jambo hilo si la kanisa. Siku yenyewe alikuja, akasimama pembeni chini ya migomba, kofia mkononi, midomo inacheza. Wanaume waliangusha mgomba mmoja mzuri, ulionyooka. Kisha wakaanza kubishana: Zakaria alikuwa mrefu kiasi gani? Huyu anasema hivi, yule anasema hapana, kaka yake ndiye aliyekuwa mrefu. Wakanigeukia mimi. Nani tena ajue kama si mke?

Nikasimama wima, nikainua mkono. Nikaona ni juu mno, nikaushusha. Nikaupandisha tena. Nilikumbuka kicheko chake, nilikumbuka harufu ya gundi ya pancha kwenye vidole vyake, na kimo chake sikukijua. Wote walikuwa wananitazama, panga liko tayari, na mkono wangu bado unapanda na kushuka hewani.

Mawe akainuka kwenye mkeka. Alikuja polepole akiegemea fimbo, akanishika kifundo cha mkono, akausogeza juu kidogo, akautuliza.

“Hapa,” akasema.

Wakapima kutoka hapo, wakakata.