Siku Niliyoongoza Msafara

Harufu ya mpunga unaoanza kukomaa, ile harufu tamu ya maziwa na matope, hunirudisha kila mara utotoni hapa Kindu, ukingoni mwa mto Lualaba, nilipokuwa na miaka kama tisa na sauti iliyowashinda watoto wote wa mtaa wetu. Msicheke, sauti hiyo ndiyo iliyonipa cheo. Kila msimu watoto tulipelekwa mashambani kuamia ndege, na nilipopiga ukelele juu ya ulingo, kundi zima liliruka hadi ng'ambo ya kijito. Basi asubuhi moja wenzangu wakaamua: Zaina atakuwa kiongozi wetu.

Furaha niliyoipata, jamani! Baba, aliyekuwa mshonaji wa kanzu, alikuwa amenipa kipande cha kitambaa chekundu. Nikakifunga kwenye fimbo, kikawa bendera kama ya misafara iliyopita kwetu ikitoka misituni. Tuliipenda misafara ile kuliko sikukuu: ngoma, milio ya bunduki, pembe za ndovu mabegani. Waliokuja nyuma yake hatukuwatazama sana.

Tukawaacha ndege, tukajitwika vyungu na mafungu ya majani kama wapagazi, tukavuka kijito kwa nyimbo, maji yakiturukia hadi kifuani. Nikisema simameni, wanasimama. Nikisema imbeni, wanaimba. Hata kaka yangu Amisi, aliyezoea kunivuta masikio, alinitii! Kichwa kikanivimba, nikawa natembea kama niliyevaa viatu vya sultani.

Ndipo Amisi akasema, "Musafara gani huu, bila watu wa kufungwa?"

Wote wakashangilia. Wakakimbia kukata kamba za porini, kisha wakaningoja niseme nani afungwe. Nikamnyooshea fimbo Faida, msichana aliyeletwa nyumbani kwetu msimu uliotangulia. Mama alisema tu kwamba ni mtoto wa nyumbani, nami sikuwahi kuuliza mtoto gani wa nyumbani hulala jikoni peke yake.

"Mufunge Faida," nikasema. "Yeye njo mukubwa," yaani ndiye mkubwa.

Nilitarajia acheke, akimbie, tumfukuze. Hakukimbia. Aliinamisha kichwa, akaishika kamba mikononi mwa Amisi, akaisogeza shingoni mwake.

"Hapana vile," akamwambia taratibu. "Fundo inakaa hapa, chini ya sikio."

Amisi akafunga. Mtoto mwingine akaja kufungwa mbele yake, lakini Faida akanyoosha mkono kumzuia. "Usisimame pale. Pale njo pa mama. Alianguka mbele ya kufika ku mto. Acha nafasi yake."

Wadogo waliendelea kucheka, wakidhani ni mchezo. Mimi nilisikia kila neno. Lakini bendera ilikuwa mkononi, msafara mzima ulinikodolea macho, na moyo wangu ulikuwa bado unaruka kwa ukubwa ule. Nikapiga ukelele: "Twende!"

Tukaenda. Hatua kumi, labda kumi na tano. Nilipogeuka, Faida alikuwa akitembea macho chini, na kati yake na mtoto wa mbele palikuwa na pengo la mtu mmoja, ambalo alilitunza kwa kila hatua.

Nikatupa fimbo. "Mufungue!"

"Kiongozi hafungue watu," Amisi akajibu, naye alisema kweli kama alivyoiona. Fundo lilikuwa limekaza. Nikalitafuna kwa meno hadi ufizi ukatoka damu.

"Mama yako alikuwa anakuita Faida?" nikamuuliza.

"Hapana. Mimi njo Wabiwa."

Ndege walikuwa wameshavamia mpunga. Mama alipofika na kuuliza nani aliyetuacha tucheze, nilijitokeza, nikachapwa, na viboko vile sikuvihisi. Jioni nilimwita Wabiwa kwa jina lake mbele ya wote. Baba aliacha kushona, akanitazama, kisha akainama tena juu ya kanzu yake.

Wabiwa aliondoka miaka michache baadaye, vita vilipowatawanya watu, akashika njia ya kwao upande wa Pangi. Kwa muda mrefu nilijisifu moyoni kwamba mimi ndiye niliyemfungua. Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nilipokubali kuyapanga mambo yalivyofuatana: nilisikia habari za mama yake, nikaelewa, na bado nikaamuru msafara uondoke.