Mgongo wa Kedilaya

Kedilaya mpishi hakuwa mtu wa kukosa neno. Ukimwalika arusini, kabla jani la mgomba la kulia chakula halijatandazwa vizuri mbele yake, ameshasema mchuzi umezidi chumvi, tena kwa sauti, mwenye shughuli asikie. Sisi majirani wa nyumba ya watawa tulishamzoea. Kitu kimoja tu kilitushangaza: miaka yote mwanawe akiwa mtawa humo ndani, Kedilaya hakuwahi kupanga foleni kupokea mchele wa baraka, ule ambao mkuu wa nyumba humtilia mtu kiganjani ajinyunyizie kichwani. Kila akiulizwa, mgongo unamuuma.

Mgongo wapi! Ilikuwa aibu.

Mwanawe, Sudhakara, alichaguliwa akiwa bado mtoto, nyota zake zilipoonekana zinafaa. Nyumba ile ina mlolongo usiokatika wa maguru, yaani wakuu wake, kila mmoja humwandaa wa kumrithi, na kila alfajiri majina yao husomwa yote kuanzia la mwanzilishi. Kedilaya akavimba kichwa. "Jina la mwanangu litasomwa mpaka dunia iishe," aliwaambia watu, hata wasiomuuliza. Mkewe, Vanajakshi, hakufurahi. Alijua kwamba mtoto akishakula kiapo hujifanyia mwenyewe ibada ya mazishi, na tangu hapo hana kwao tena.

Siku chache kabla ya kiapo, jua likiwa la utosi, Kedilaya alimkuta mtoto nyumbani, kwenye zizi la ng'ombe. Kajibanza nyuma ya ndama, kichwa kimenyolewa, miguu imechubuka. Ametoroka kwa watawa. Vanajakshi alikuwa mtoni anafua.

"Baba, nataka kukaa na mama."

"Nyamaza. Unataka watu wanicheke?"

Akamburura na kumrudisha kabla mama hajamaliza kufua. Guru wa wakati ule, mzee mpole, alimtazama mtoto anavyolia, kisha akamwambia Kedilaya, "Mchukue aende kwao. Nguo hii ya utawa, ya rangi ya zafarani, si kamba ya kumfungia mtu. Tutapata mwingine."

"Ana homa tu, Swami," Kedilaya alisema. "Mwenyewe anataka." Na huku anamminya mtoto mkono asifungue mdomo.

Kumbe jirani alikuwa amemwona mtoto njiani, akamdokeza Vanajakshi, naye akamuuliza mumewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Kedilaya ilikuwa ndefu mno.

"Nilimbembeleza abaki," alimjibu. "Amekataa. Anasema kwao sasa ni kule."

Vanajakshi hakuuliza tena. Mtawa haruhusiwi kukanyaga nyumba aliyozaliwa, ila mama anaweza kumwendea, na katika dunia nzima mama ndiye pekee ambaye mtawa humwinamia. Vanajakshi hakwenda hata mara moja. "Asiyetutaka hatumlazimishi," alikuwa akisema, mpaka akafa.

Mwaka huu guru mzee naye alifariki, Sudhakara akakalia kiti. Hapo mgongo haukufaa kitu tena. Baba wa mkuu akose kumwinamia siku ya kwanza, watu wangesemaje? Seenappa muuza maua alimpitia nyumbani wakaongozana.

"Kitambaa kipya hicho, mzee? Unaenda kuoa?"

"Acha utoto, Seenappa."

"Siachi. Baba wa guru mzima, unatetemeka kama mwizi wa nazi."

Zamu yake ilipofika, Kedilaya alilala kifudifudi sakafuni mbele ya mwanawe, kama inavyompasa kila mtu. Alikuwa amepanga ainame, apokee, apite.

"Mgongo umepona?" mkuu aliuliza. Hakusema baba, haruhusiwi.

Kedilaya alipiga magoti, uso umemshuka. Angeitikia tu, yangekwisha. Lakini mtu hubeba mzigo hadi pale unapomshinda.

"Haukuwa mgongo, Swami. Siku ile guru aliniruhusu nikurudishe nyumbani. Nilikataa mimi."

"Nilikuwepo," mkuu alisema taratibu. "Nilisikia. Hilo nilishakusamehe zamani."

Kedilaya angeinuka sasa, akaenda zake akiwa mwepesi. Ila mkuu aliuliza tena, kwa sauti ya chini, "Na mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia wewe ndiye uliyekataa kurudi."

"Akaamini?"

"Aliamini mpaka anakufa."

Mkono wenye mchele ulikuwa umeshainuliwa. Ukabaki hapohapo. Watu wa nyuma walianza kukohoa, wakidhani mkuu anasoma dua.

"Kila sikukuu nilikuwa naangalia mlangoni," alisema hatimaye. "Nilidhani yeye ndiye hanitaki."

Kisha akamtilia mchele kiganjani, kiasi kilekile anachompa kila mtu. "Nenda ukale," akasema, na akamgeukia Seenappa.

Ukumbini watu walikuwa wameketi safu kwa safu, wali unafuka mvuke juu ya majani. Seenappa alikaa karibu na Kedilaya, akala matonge mawili matatu, akawakonyeza wenzake.

"Haya, mzee, tuambie. Chumvi leo ikoje?"

Safu nzima ikasubiri kucheka.

"Sijui," alisema Kedilaya.

Chakula chake hakikuguswa. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeufumbata ule mchele ambao wenzake wote walishaunyunyiza kichwani.