Injini ya Kubeba Watu Wawili

Mke wangu alipokwenda Bukama kumuuguza mama yake, tulisema ni majuma machache tu. Mvua ikaisha, kiangazi kikaingia, naye bado yuko huko. Treni ilipita ilipotaka. Pikipiki yangu nayo ilikuwa imekufa: pistoni ilikwama nikitoka Base, kwenye kambi ya jeshi, na fundi alipofungua injini, silinda ilikuwa imechubuka ndani kama imekwaruzwa na msumari.

Fundi huyo tulikuwa tunaimba naye kwaya moja kanisani. Aliweka juu ya gunia silinda mbili na pistoni zake. Moja ilikuwa mpya, inang'aa, nyepesi mkononi. Nyingine alikuwa ameitoa kwenye pikipiki iliyopata ajali.

"Hii mupya iko kopi tu," akasema. "Ile ya zamani njo chuma ya kweli, lakini imetumika. Yoyote utachagula, kesho unatembea."

"Itanifikisha Bukama?"

"Itakufikisha. Unaenda weye mwenyewe?"

"Kwenda, minyi mwenyewe. Kurudia tutakuwa bawili, na mizigo."

Akafuta mikono. "Basi acha zote mbili. Tungojee ya kweli, mupya, itoke Lubumbashi."

Nilikuwa nimechoka kungoja. Nilichukua ile silinda ya zamani, nikapitisha kidole ndani, nikaona ni laini, nikataka sana kumwambia aifunge hiyohiyo. Kisha akilini nikamwona mke wangu ameketi nyuma yangu kwenye mchanga, injini imezima, mbali na watu. Nikairudisha kwenye gunia.

Lori lilipoleta vipuri, fundi aliviunganisha mbele yangu, injini ikawaka, akanionya: "Usiikimbize. Pistoni na silinda bado hazijazoeana. Ukiikimbiza, utaichoma."

Hivyo nilikwenda Bukama kwa mwendo wa baiskeli. Wauza makaa wenye baiskeli walinipita kwenye mteremko, wakanicheka. Mkono ulitaka kufungua gesi, nikauzuia. Moyo ulikuwa umeshafika tangu asubuhi.

Nilimkuta uani akigeuza samaki juani. Alikuwa amekonda. Akasimama, mikono imejaa magamba, akacheka, kisha akalia. Ndani, mama yake hakuweza tena kuinua kichwa. Nilijua jibu, lakini niliuliza.

"Tutarudia wote?"

"Papa," akasema, kama anavyoniita siku zote, "unaona mwenyewe."

"Nimeona."

Nilikaa nao kidogo, nikachota maji, nikaziba bati lililokuwa linavuja, mpaka kazi ikaniita. Alinifungia samaki, akanisindikiza hadi barabarani, akashika kiti cha pikipiki kwa mkono mmoja kana kwamba angepanda. Kisha akauondoa mkono, akageuka kurudi kwa mama yake.

Mpaka leo yuko Bukama. Mtandao ukikubali, ananiuliza nimekula nini. Ninamweleza chakula chote, hata chumvi, ili asikate simu mapema.