Kiwiko cha Mjukuu Wangu na Gemu ya Machungwa

Kule kwetu Nangwa ukimkuta mtu anasukuma kitu, na wewe unasukuma. Huulizi ni cha nani wala kinakwenda wapi. Masika moja, nikiwa bado na nguvu zangu, nilikuta lori la maharage limenasa kwenye tope, watu wameliegemea kwa nyuma. Nikalaza baiskeli, nikaweka bega. Tukasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Dereva akashuka anatutukana. Kumbe alikuwa anataka kurudi nyuma, na sisi tumemzamisha zaidi mbele. Katika wote wale hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nalisema hili mapema mjue nilivyo, maana niliyomfanyia mjukuu wangu ni yale yale ya lori.

Mjukuu mwenyewe ni mtoto wa binti yangu, wa kike. Alizaliwa njiani, juu ya mkokoteni wa ng'ombe, tukimkimbiza mama yake zahanati, na alikaa muda mrefu kabla ya kulia. Baadaye tukaona upande wake wa kulia hauko sawa. Mguu alikuja kuukanyagia, anachechemea lakini anafika. Mkono ukabaki umekunjwa kifuani, ngumi imefungwa, kama mtu aliyeficha kitu asitake kukionyesha. Majirani walisema mengi, na sitawasema vibaya kwa sababu hata mimi niliyaamini. Nilimpeleka kwa mganga, nikatoa mbuzi. Mbuzi akaenda, mkono ukabaki. Hospitali ndiko tuliambiwa ni mtindio wa ubongo, kwamba ubongo ulikosa hewa siku ile ya mkokoteni, na hakuna aliyemroga mtu.

Sasa, kwetu mtoto akimpa mkubwa kitu anampa kwa mikono miwili. Huyu alikuwa na mmoja, na ni wa kushoto. Akiwa na miaka sita akaja mgeni, mkwe wetu wa upande wa Mbulu. Mtoto akachukua kibuyu cha maziwa kwa huo mmoja wake, akampelekea kwa furaha kabisa. Mgeni akakiangalia kibuyu. Akasubiri mpaka mke wangu alipokichukua na kumpa yeye. Mtoto aliona. Tangu siku hiyo hakumpelekea mtu kitu tena. Asubuhi moja tunachambua mbegu akaniuliza, "Babu, huu mkono utafunguka lini?" Nikajifanya nahesabu mbegu.

Wakati huo mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya na Katesh inakua kila ukienda. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni duka la ushirika tulikuwa hatujazoea kuona maduka yamejaa mpaka vitu vinaning'inia nje. Biashara ilipofunguliwa viliingia vya kila namna, nguo za mitumba, redio, na mwisho kompyuta za mitumba nazo. Mfanyabiashara mmoja wa Kiislamu, mtu mzima kama mimi, alifungua duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Tulikuwa tumefahamiana tangu zamani, nikimuuzia kuku. Dada mmoja wa mazoezi, aliyekuwa akiwasaidia watoto wenye viungo vizito, akamwomba kompyuta moja kila Alhamisi asubuhi. Akakubali bila kudai chochote. Ndiko nikawa nampeleka mjukuu wangu, nimemfunga na kanga ya bibi yake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

Nilidhani kompyuta itampima mkono kama mizani inavyopima mahindi. Kumbe ni gemu! Kwenye kioo kuna mti, machungwa yanadondoka, na chini yake kuna ndoo. Mbele ya mtoto kuna kiboksi chenye kijiti kilichosimama, kama gia ya lori. Ukisukuma kijiti kulia, ndoo inakwenda kulia. Chungwa likiingia, kengele inalia na pointi inaandikwa. Likikosa ndoo linapasuka chini, paa! Dada alimfunga mtoto ule mkono mzuri kwa kitambaa laini, asiutumie, akamwambia, "Haya mama, okota machungwa na huu uliolala."

Kiti kilikuwa kirefu kwake, kwa hiyo nilimpakata. Nikawa nahisi mwili wake wote unavyokaza. Kijiti hakiendi. Chungwa paa. Chungwa paa. Jasho linamtoka shingoni mtoto wa miaka sita, na mimi nimekaa hapo hapo na mikono yangu miwili mizima! Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili dada alipogeuka kumnyoosha mtoto mwingine kwenye mkeka, nikapitisha kiganja changu chini ya kiwiko cha mjukuu wangu. Nikakisukuma kidogo tu. Ndoo ikaenda, kengele ikalia, mtoto akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia nyumbani. Nani angeondoa mkono hapo? Mimi sikuuondoa.

Wiki zikaenda, pointi zikapanda. Dada anaandika kwenye daftari lake, anafurahi. Mimi nami, sioni aibu kusema, nilianza kuipenda ile gemu. Nilikuwa nalima huku nawaza machungwa. Alhamisi moja dada akasema, "Babu, huyu amefika mbali sana. Wiki ijayo nafasi yake nitampa mtoto mmoja wa kule Jorodom anayesubiri. Wa kwako aendelee nyumbani na vikombe na vibuyu." Nikashukuru. Njia nzima ya kurudi mtoto alikuwa akiimba, mimi nakanyaga baiskeli moyo mzito, najiambia labda mkono umefunguka kidogo.

Bibi yake hakungoja hata tupumzike. "Njoo mama, nionyeshe." Akampa kikombe cha uji. Mtoto akanyoosha mkono wa kushoto, akauvuta na wa kulia, vidole havikufunguka, kikombe kikaanguka. Hakulia. Akageuka kunitafuta, akasema tu, "Bibi, babu hajanishika kiwiko."

Mke wangu akaniangalia. "Kiwiko gani?"

Nikamweleza.

"Kwa hiyo miezi yote hii umekwenda Katesh kucheza?"

"Nilikuwa namsaidia."

"Umemsaidia kompyuta, mzee. Mtoto bado."

Kisha akaokota kikombe, akarudi nacho jikoni. Mtoto ndiye alikuja kukaa karibu yangu, ngumi yake imerudi kifuani. Hakuuliza tena utafunguka lini, na hapo ndipo palipouma.

Alhamisi nikamfunga kwenye baiskeli, tukaenda bila kualikwa. Mama wa Jorodom alikuwa tayari kwenye benchi na mwanawe.

"Shikamoo babu," dada akasema. "Mbona mmerudi?"

"Marahaba mwanangu. Zile pointi ni zangu."

"Pointi zipi?"

"Karibu zote. Nilikuwa namsukuma kiwiko ukigeuka."

Mwenye duka, aliyekuwa anapanga karatasi, akainua kichwa. "Kumbe bingwa wetu wa Katesh ni huyu mzee! Nikuchapie cheti? Nitaweka na maua pembeni."

Dada hakucheka. Akafunga daftari. "Babu, mkono wake unajifunza pale unapohangaika. Ukiubeba wewe, unaojifunza ni wa kwako."

"Basi wangu umefaulu," nikasema. Hapo ikamshinda, akacheka huku anatikisa kichwa. Lakini nafasi ilikuwa imeshatolewa, na haki ilikuwa ya mtoto wa Jorodom. Nikamgeukia mama yake nikamwomba radhi kwa Alhamisi nilizocheza mimi huku mwanawe akisubiri. Akainama. "Baba, usiniombe radhi. Hapa nilipokaa nilikuwa napima kama mkono wangu utafika kwenye kiwiko cha huyu mwanangu."

Mwenye duka akasema, "Nyie wakulima mna ugonjwa mmoja. Sikilizeni, watu wa barua hawaji kabla ya saa nne. Njooni saa mbili, mpate zamu mbili. Ila huyu mzee akae ameshika kofia yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Mtoto akawekewa mto kwenye kiti, mimi nikawekwa kwenye benchi, kofia magotini, mikono yote miwili juu yake. Siku hiyo alipata machungwa mawili. Mawili! Alikipiga kijiti kwa hasira, akalia, akakishika tena. Mimi niliikunja ile kofia mpaka haikurudi umbo lake. Kila nilipotikisika dada alisema bila hata kugeuka, "Babu, mikono!" Watoto wote wawili wakaliokota neno hilo, likawa wimbo wao.

Tulivuna mahindi, tukapanda, tukavuna tena. Mkono haukufunguka wote, nisiwadanganye tena. Vidole vitatu vinakubali kunyooka, viwili bado vina maringo. Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa na wageni sebuleni. Mtoto akatoka jikoni na kibuyu, mkono wa kushoto umeshika shingo yake, wa kulia umewekwa chini ya kitako chake. Anachechemea, kibuyu kinainama, maziwa yamefika mdomoni. Nikaona kiganja changu kimeshanyanyuka.

"Babu, mikono!" akasema, mbele za watu.

Nikaikalia. Alipokuwa anapita mbele yangu maziwa yakanimwagikia gotini, ya moto kidogo. Yeye akaendelea, hatua nne nyingine, mpaka kwa mgeni, bibi mmoja wa Bashay ambaye hakujua habari yoyote ya machungwa. Akakipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante mama," akanywa yaliyobaki. Mimi nilikaa na suruali yangu ya kanisani imelowa mpaka wageni walipoaga.