Korosho za Shangazi

Wiki iliyopita daktari alinichorea kifua changu kwenye karatasi: titi litakaloondolewa kwa sababu ya saratani, na nyama ya tumbo inayoweza kuliunda upya. Ghafla nikasikia harufu ya moshi wa korosho.

Alasiri moja ya utoto wangu, Newala, shangazi alikuwa uani akibangua korosho alizochoma, kanga ikamteleza. Upande mmoja wa kifua palikuwa na kovu tu, limejikunja. Nilidhani ameungua kwa mafuta ya maganda, yale yaliyokuwa yakitubabua vidole.

"Kula, mwanangu," alisema, akanitia korosho mdomoni.

Nikazitema miguuni pake.

Hakunigombeza. Alijifunga kanga mpaka shingoni, akaziokota, akazipuliza mchanga, akazila mwenyewe.

Kovu sasa siliogopi. Ninayemwonea kinyaa ni yule mtoto.